Ijumaa Iliyotupwa Ziwani

Ijumaa ya tarehe 1 Novemba ilikuwa sikukuu ya umma, na kwa mwambao wetu wa Ziwa Victoria ilikuwa hasara tupu. Kuapishwa kwa Naibu Rais Kithure Kindiki pale KICC mlikutazama wenyewe kwenye runinga, na siasa zake nawaachia wenye safu za siasa. Ninachochambua ni uamuzi mmoja wa kiutawala: kutangaza Ijumaa kuwa sikukuu ilhali Alhamisi imeshakucha na inakaribia kwisha. Kupanga wikendi ndefu ni ufundi kama ufundi mwingine, na kwa kipimo hicho, huo ulikuwa uamuzi mbovu kuliko wote wa mwaka huu wa 2024.

Tuupitie hatua kwa hatua. Alhamisi tarehe 31 Oktoba, mahakama inaondoa amri zilizokuwa zimezuia kuapishwa. Jioni hiyo hiyo Musalia Mudavadi, akikaimu Wizara ya Usalama wa Ndani, anatoa notisi: kesho hakuna kazi. Notisi inaanza kuzunguka kwenye simu wakati mtu wa Nairobi bado yuko ofisini, au ameshaingia kwenye msongamano wa Waiyaki Way kurudi nyumbani. Hana tiketi ya basi. Hajapiga simu hotelini. Hajaongea na mwenye boti, na sare za shule za watoto ziko kambani zikisubiri kupigwa pasi. Kutoka hapo mpaka Kisumu ni kilomita kama 350, na usiku umeshaingia. Akisema aondoke alfajiri, atafika alasiri, saa ambayo ziwa limeshachafuka. Kwa hiyo akalala, akaamka saa tatu, akafua, akatazama sherehe. Siku tatu za mapumziko zikaishia sebuleni.

Asubuhi hiyo nilikuwa ufuo wa Dunga, Kisumu. Jikoni mwa hoteli, kati ya majiko yaliyopangwa ukutani, liliwaka moja, na sufuria iliyokuwa juu yake ilikuwa ya ugali wa wafanyakazi. Vijana wa boti za watalii walikuwa wameketi juu ya lundo la majaketi ya kuokolea, injini zikiwa zimefunikwa turubai. Nahodha mmoja alinieleza hesabu yake bila hasira. Angejua Jumatatu, angeweka petroli ya kwenda Kisiwa cha Ndere na kurudi. Kwa kuwa alijua usiku wa kuamkia Ijumaa, petroli aliyokuwa nayo ilitosha kuwazungusha watu Hippo Point tu, na hao watu wenyewe hawakuwepo. Mhudumu aliyeingia zamu siku hiyo alistahili malipo ya sikukuu, ambayo kwa kawaida huwa maradufu ya siku ya kazi. Mwenye hoteli akabeba gharama ya sikukuu akiwa na mauzo ya Ijumaa ya kawaida, au chini yake, maana hata wafanyakazi wa ofisi za mjini ambao hushuka kula samaki saa saba mchana hawakuja kazini.

Wale wanaotoa matangazo wanaonekana kuamini kwamba kutoa siku kunatosha, kwamba watu wakishapewa muda watajua wenyewe pa kwenda. Ziwa haliendi hivyo. Chukua samaki peke yake. Ngege wengi wanaoliwa hotelini siku hizi wametoka kwenye vizimba vya Siaya na Homa Bay. Samaki wa kizimba havuliwi papo kwa papo. Hunyimwa chakula kama siku nzima kabla ya kutolewa, tumbo lisafike na nyama isiharibike upesi njiani. Mwenye hoteli anayetaka ngege wa Ijumaa mchana anaweka oda Jumatano. Mbuta naye yuko mikononi mwa mvuvi aliyeingia majini usiku, na mvuvi huyo akipandisha asubuhi bila oda yoyote mpya, anamuuzia wakala wa kiwanda kama anavyofanya kila siku. Saa mbili unusu mzigo uko kwenye barafu, umeondoka. Wageni wakitokea saa nane, wanauziwa kilichobaki kwa bei ya kilichobaki, wanarudi Nairobi wakisema Kisumu ni ghali.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Novemba ni mwezi mzuri wa chakula huku. Uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, kwa hiyo Pasaka mara nyingi, na Madaraka kila mwaka, hutukuta katika kipindi kilichofungwa. Oktoba na Novemba omena ipo, mbichi na kavu. Ukitaka kumleta mgeni ale vyote ambavyo ziwa linatoa, huo ndio wakati. Na huo ndio wakati uliochezewa.

Zamani pigo kama hili lingepungua kidogo. Enzi za Lwang'ni, ufuo wa Kisumu wa vibanda vya samaki, kabla vibanda hivyo havijabomolewa kupisha ukarabati wa bandari, mwenye gari na asiye na gari walishuka kutoka mjini kwa miguu, na sikukuu ya ghafla ilikuwa na mahali pa kumwagikia. Nimeandika mara nyingi kwamba ubomoaji ule uliondoa uwezo wa mji kupokea watu wasiotarajiwa. Sijabadili kauli, na Novemba 1 imeongeza ushahidi.

Najua jibu litakalokuja: mahakama ndiyo iliyochelewesha, wizara ingefanya nini? Ingeapisha bila kufunga nchi. Kiapo kile kilihitaji ukumbi, jaji, na kitabu kitakatifu. Hakikuhitaji Ijumaa ya mvuvi wa Usenge wala ya mwenye boti wa Mbita. Sheria ya Sikukuu za Umma, Sura ya 110, inampa Waziri uwezo wa kutangaza siku kwa notisi ya Gazeti Rasmi, haimlazimishi kuutumia. Na kama heshima ya afisi ilidai siku, ingesogezwa mbele: wiki ya pili ya Novemba, Ijumaa au Jumatatu, ikajulikana siku kumi kabla. Hakuna kiapo ambacho kingeharibika.

Angalieni jinsi muda unavyopungua. Siku ya kupanda miti ya Jumatatu tarehe 13 Novemba 2023 ilitangazwa wiki moja kabla, na hiyo ilitosha. Ijumaa ya tarehe 10 Mei mwaka huu ilitangazwa Jumatano. Ile ilikuwa siku ya kuwaomboleza waliokufa kwenye mafuriko, na hakuna aliyestahili kuigeuza matembezi, kwa hiyo siigusi. Sasa tumefika jioni ya kuamkia. Wiki, siku mbili, usiku mmoja. Mwenye hoteli anayeona mwelekeo huo atafanya jambo moja tu: ataacha kuajiri vibarua wa wikendi, kwa sababu hawezi kujua wikendi ipi itakuwa ndefu.

Mashujaa ilikwenda sawasawa: tarehe 20 Oktoba iliangukia Jumapili, Jumatatu ikafuata kwa mujibu wa sheria, na kila mtu alijua tangu kalenda zilipochapishwa.

Hapo kwenye sheria nina ugomvi wa siku nyingi, na wasomaji wa safu hii wanaujua. Sikukuu ikiangukia Jumapili, sheria inatupa Jumatatu. Ikiangukia Jumamosi, imepotea. Madaraka ya mwaka huu, ile ya Bungoma, ilikuwa Jumamosi tarehe 1 Juni, na Jumatatu tarehe 3 tulirudi kazini kama kawaida. Weka Jumatatu hiyo na Ijumaa ya Novemba kando kwa kando. Jumatatu ya Juni 3 ingejulikana mwaka mzima kabla. Hoteli zingeiweka kwenye bei zao, vikundi vya wanawake vingeichangia polepole, kampuni za mabasi zingeongeza magari. Hatukupewa. Tulichopewa ni Ijumaa ya Novemba 1, ambayo hakuna aliyeijua hata saa 24 kabla. Kama taifa linaweza kumudu kupoteza siku moja ya kazi, na limeonyesha kwamba linaweza, basi lipoteze siku ile inayoingiza pesa Homa Bay na Siaya.

Wenzetu wameshalitatua. Japani ilianza mwaka 2000 kuhamishia baadhi ya sikukuu zake Jumatatu ili watu wapate siku tatu mfululizo. Argentina huweka hadi siku tatu za kuunganisha kwa mwaka, kwa ajili ya utalii, na huzitaja mapema. Lakini sihitaji kwenda mbali hivyo, kwa maana hata sisi tuliwahi kuwa na mpango. Oktoba ya zamani ilikuwa na Moi Dei tarehe 10 na Kenyatta Dei tarehe 20, hazitikisiki. Mwalimu wa Yala alijua mwezi Januari kwamba Oktoba atampeleka mama yake Kendu Bay. Siku ya tarehe 10 imepita mikononi mwa wengi tangu hapo: ikaachwa nje ya Katiba ya 2010, ikarudishwa na Jaji George Odunga mwaka 2017, ikawa Huduma, ikawa Utamaduni, na mwaka 2024 ikawa Mazingira. Bado inaaminika kuliko sikukuu yoyote ya kutangazwa, kwa kuwa tarehe yake iko pale pale.

Na hao wa zamani walikuwa na meli. Reli ilifika hapa mwaka 1901, ikiitwa Port Florence, na kwa miongo mingi meli za reli ziliunganisha Kisumu na Asembo, Kendu Bay na Homa Bay kwa ratiba iliyobandikwa stesheni, kila mtu aisome. Abiria alikata ghuba badala ya kuizunguka kwa barabara. Treni ya abiria ya Nairobi ilipofufuliwa Desemba 2021 nilifurahi kwa dhati, lakini ilipangiwa kutoka Nairobi Ijumaa jioni na kurudi kutoka Kisumu Jumapili jioni. Kwa wikendi ya kawaida ratiba hiyo ni safi. Kwa wikendi yenye Jumatatu ya sikukuu, anayeifuata anashuka Nairobi asubuhi ya siku ambayo angekuwa bado anakula samaki. Wazee wa meli wasingekubali ratiba isiyosoma kalenda.

Basi tuitazame Jamhuri, ambayo iko mbele yetu na hakuna waziri anayehitaji kuitangaza. Tarehe 12 Desemba 2024 ni Alhamisi. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 21 za livu kwa mwaka. Tumia moja, Ijumaa tarehe 13, upate siku nne. Kosa ninaloliona kila mwaka ni watu kuliweka ziwa mwisho: wanakula na kuzunguka mjini siku mbili, halafu Jumapili asubuhi wanakumbuka kwamba hawajavuka. Ziwa linatangulia. Alhamisi safiri, ulale Kisumu au Bondo. Ijumaa alfajiri uwe Luanda Kotieno, uvuke na feri kwenda Mbita maji yakiwa yametulia. Mvua za vuli na upepo wa ghuba huanza kusumbua mchana. Siku hiyo hiyo Rusinga inatosha, kaburi la Tom Mboya na ufuo wa jioni. Mfangano na michoro yake ya mawe ni ya Jumamosi asubuhi, kwa boti, na nahodha apigiwe simu siku tatu kabla. Anayependa wanyama zaidi ya maji aende Mbuga ya Ruma kuwaona korongo, wale swala wakubwa, lakini asijaribu vyote viwili. Jumapili uwe barabarani mapema, kwa sababu kutoka Nakuru kwenda Rironi katika wikendi za Desemba magari hujazana kuanzia mchana.

Mwaka 2025 una neema ambayo hatujaipata kwa muda: Madaraka Jumapili na Jumatatu yake, Mazingira Ijumaa, Mashujaa Jumatatu, Jamhuri Ijumaa tena. Zote zinajulikana leo. Serikali za kaunti za Kisumu, Siaya na Homa Bay zinaweza kuketi mwezi huu, zikabandika tarehe hizo mahali wageni wanapoziona, na kumwomba Waziri jambo moja kwa maandishi: sikukuu yoyote ya nyongeza isiyo ya msiba itangazwe angalau siku 14 kabla, la sivyo isitangazwe. Kwa upande wa msomaji, barua ya livu ya tarehe 13 Desemba ipelekwe wiki hii kabla wenzako wa ofisini hawajaiomba, na amana ya chumba cha Mbita ilipwe Novemba haijaisha, maana vyumba vya upande ule ni vichache na wenyeji wanaorudi nyumbani kwa Krismasi huanza kuvishika mapema.