Jina la Wamatanda katika Kisasili cha Mahuta

Uchambuzi wa majina ya jamii aghalabu huanza na mzizi wa neno. Kwa Wamakonde, njia hiyo hupotosha mapema: msomaji wa Kiswahili hukutana na neno konde, wingi makonde, yaani shamba, akaridhika. Kisasili cha chimbuko lao hakielekei huko.

Kisasili hicho kimo katika kitabu cha Karl Weule kilichochapishwa mwaka 1908, miaka miwili baada ya utafiti wake uliomfikisha Newala. Weule naye alikipokea kutoka kwa mmisionari Adams. Katika kichaka cha Mahuta, upande wa uwanda unaoelekea mto Ruvuma, aliishi mtu asiyeoga wala kunyoa. Alichonga sanamu ya mtu kwa mti, akaisimamisha makaoni mwake, na usiku ikawa mwanamke. Wakateremka Ruvuma kuoga. Huko mtoto akazaliwa mfu. Bonde la Mbwemkuru likawapa mfu wa pili. Waliporudi Mahuta, wa tatu akaishi. Ndipo, baada ya kupata watoto wengi, walipojiita Wamatanda.

Mpangilio huu wa matukio ndio unaobeba maana. Jina halitolewi sanamu inapopata uhai, mahali ambapo msikilizaji angelitarajia, bali baada ya vifo viwili mabondeni na uhai juu ya uwanda. Kwa hiyo, Wamatanda ni jina la walionusurika. Hata maelezo ya matini kwamba Wamakonde maana yake ni wenyeji wa asili yasomwe kama dai la ardhi kuliko ufafanuzi wa mzizi. Agizo la babu la kujenga mbali na maji linathibitisha usomaji huu, ingawa gharama yake ya kila siku ilikuwa safari ndefu ya mtungi, na kisasili hakisemi nani aliubeba.

Udhaifu mkubwa wa matini uko kwingine. Wamakonde huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na babu anaagiza wafu wazikwe wamesimama kwa kumbukumbu ya mama aliyeamka akiwa wima. Mwili wake unakumbukwa katika kila kaburi. Jina lake halimo. Pengo hilo haliwezi kuhesabiwa moja kwa moja kuwa ukimya wa wasimulizi wa Mahuta, kwa kuwa masimulizi yalipita kwenye kalamu mbili za Kijerumani. Uchambuzi unaojenga hoja ya kijinsia juu ya mwanamke asiye na jina, bila kwanza kuzihoji kalamu hizo, unamhukumu msimulizi kwa kosa ambalo huenda ni la mwandishi.