Kidole Kinachofunga Vishimo vya Gego

Mwambie mtoto wa darasa la kwanza pale Mbagala apanue kinywa, kisha tazama nyuma kabisa, baada ya meno yote ya utoto. Utaona gego lililoota bila jino lolote kung'oka kulipisha. Ndiyo maana wazazi wengi hulidhani la utoto na kusubiri ling'oke. Hilo ni la kudumu. Huota mtoto akikaribia miaka 6, na juu yake pana vishimo na mifereji myembamba kuliko uzi mmoja wa mswaki. Hata mtoto akipiga mswaki asubuhi na jioni, nyuzi haziingii humo. Sukari na bakteria huingia.

Njia ya kuliokoa gego hilo bila umeme ilianzia hapahapa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980 Jo Frencken, daktari wa meno Mholanzi, alifanya kazi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati mafunzo ya udaktari wa meno yalipokuwa chini ya chuo hicho pale Muhimbili. Pasipo na umeme mashine ya kuchonga jino haina kazi, na jino bovu huishia kung'olewa. Yeye na wenzake wakajaribu kukwangua uozo kwa zana za mkono, kisha kuziba kwa simenti ya meno. Baadaye majaribio ya Thailand na Zimbabwe yalitumia glasi ayonoma, na Siku ya Afya Duniani ya 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza njia hiyo kwa ulimwengu.

Glasi ayonoma ni unga wa kioo chenye floraidi unaochanganywa na asidi. Hushikana na kalsiamu ya jino lenyewe, huachia floraidi kidogo kidogo, na huvumilia unyevu kuliko plastiki ya kuzibia.

Utaalamu wenyewe umo katika dakika chache. Mtoto hulala chali, hata juu ya madawati yaliyounganishwa. Pamba huwekwa kando ya gego kuzuia mate. Utando husafishwa kwenye mifereji kwa ncha ya chuma, asidi hafifu hupakwa kwa sekunde 10 hadi 15, kisha jino huoshwa na kukaushwa kwa pamba. Simenti ikishawekwa, mtaalamu hupaka vaselini kwenye kidole chenye glavu na kukandamiza juu ya gego. Kwangu mimi hapo ndipo penye ufundi wote: mkandamizo mmoja huziba tundu lililokwanguliwa na kusukuma simenti ndani ya vishimo jirani ambavyo bado ni vizima. Tiba na kinga kwa pamoja, wala mara nyingi haihitaji sindano ya ganzi.

Joto la Dar nalo lina neno. Simenti huganda haraka zaidi kukiwa na joto, na kopo la unga likiachwa wazi hufyonza unyevu. Anayechanganya akizidisha kimiminika ili apate muda, kizibo kinakuwa dhaifu. Akichelewa hadi mng'ao wa simenti upotee, haishikani tena na jino. Kazi hii inataka watu wawili waliozoeana, mmoja akichanganya wakati mwenzake ameshakausha jino.

Njia hii ina mipaka yake. Tundu la upande mmoja hudumu vizuri. Lililokula kati ya meno mawili hufeli mapema. Na kizibo cha vishimo kinaweza kuonekana kimebanduka chote baada ya miaka michache. Mtu asikate tamaa haraka: darubini imeonyesha mabaki yake chini kabisa ya mifereji, palepale uozo unapoanzia.

Wakati mzuri wa kuziba ni gego linapochomoza, ufizi ukiwa bado umefunika sehemu ya nyuma. Plastiki hapo inashindwa kwa sababu ya mate. Glasi ayonoma inaweza. Kwa hiyo ukaguzi wa shuleni Temeke au Kinondoni usisubiri darasa la nne. Uanze darasa la kwanza, na urudi mwaka unaofuata kwa wale ambao gego lao lilikuwa bado ufizini.