Anayesomea Jicho Usiku

Kliniki hufungwa jioni. Kusoma huanza hapo. Daktari anayejiandaa kwa mtihani wa ubingwa wa macho amekwisha kuhudumia foleni nzima ya wagonjwa.

Glakoma, ugonjwa unaokula neva ya kuona, ndiyo humnyima usingizi zaidi. Presha ya kawaida ya jicho ni milimita 10 hadi 21 za zebaki, lakini wapo wanaopofuka ndani ya kiwango hicho hicho. Namba peke yake haimtoshi. Hutia ganzi jicho, akaweka juu yake lenzi yenye vioo, akatafuta pembe ambamo maji ya jicho hupitia kutoka. Kisha hukagua neva hiyo ya kuona, akakadiria imelika kiasi gani. Na mgonjwa asiumie! Mkono mwepesi kiasi hicho haupatikani kwa vitabu.

Uoni ulioliwa na glakoma haurudi. Mwenye mzazi au ndugu aliyeugua, akapimwe mapema.