Bunduki ya Vita Igeukapo ya Uwindaji: Uhakiki wa Istilahi

Tafsiri iliyofika mezani petu yahusu ufundi wa kugeuza bunduki kuukuu za majeshi, zile zenye komeo la kuvuta na kusukuma kwa mkono, ziwe bunduki za uwindaji zilizotengenezwa kwa kipimo cha mwenyewe. Ufundi huu si mgeni. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Parker-Hale ya Birmingham, Uingereza, iliuza bunduki za Lee-Enfield zilizopunguzwa mbao na kuwekewa vifaa vipya vya kulengea.

Tuliisoma tafsiri hiyo Mjimwema, Songea, pamoja na walimu na mafundi seremala. Neno "komeo" halikumsumbua mtu. Kila aliyewahi kufunga mlango alilielewa. Hapo twampongeza mfasiri.

Kasoro zaanzia kwenye "bunduki ya michezo". Mfasiri amefuata sura ya neno la Kiingereza, akasahau kwamba Waingereza huhesabu uwindaji wa starehe kuwa mchezo. Wasomaji wetu walidhani ni kichezeo cha watoto. "Bunduki ya uwindaji" ipo, nayo yatosha.

Kisha kuna "bunduki iliyobadilishwa". Karani wa leseni ataelewa kwamba mwenye mali ametoa bunduki moja akapokea nyingine, jambo zito mbele ya sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015. Twapendekeza "iliyogeuzwa": silaha ni ile ile, umbo na matumizi ndiyo mapya.

Kuhusu "gobore" hatuwezi kuwa wapole. Mfasiri aliita hivyo kila bunduki ya zamani. Gobore hushindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu. Bunduki ya komeo hujazwa kwa nyuma. Uzee si kigezo. Mauser ya mwaka 1871, ambayo askari wengi wa Wajerumani nchini mwetu walikuwa bado wakiibeba vita vilipoanza mwaka 1914, ni kuukuu lakini si gobore. Wala isichanganywe na Mauser ya mwaka 1898. Ile ya kwanza ilitengenezewa baruti nyeusi, yenye moshi uliomfichua mpigaji; hii ya pili hutumia baruti isiyo na moshi, ambayo mkandamizo wake ni mkubwa zaidi. Fundi atakayeziona kuwa kitu kimoja, kwa kuwa kitabu kimeziita zote gobore, aweza kumpasulia mwindaji mtutu usoni.

Limebaki neno "risasi". Baadhi ya wenzetu wangependa kufufua "kiasi", lililomo katika kamusi za zamani kwa maana ya risasi nzima pamoja na ganda, baruti na fataki yake. Tulilijaribu Mjimwema, watu wakauliza, kiasi cha nini? Kwa maana hiyo neno limekufa. Yafaa "risasi" ibaki kwa kitu kizima, na kile kinachoruka kiitwe "kichwa cha risasi". Mfasiri ametumia neno moja kwa vyote viwili, hata sentensi yake moja yasema kwamba risasi hutoka ndani ya risasi.