Kinywe cha Ruangwa na ndoto ya antena isiyoonekana

Kinywe, yaani grafaiti, si neno geni kwa watu wa bonde la Mbwemkuru. Ruangwa kuna miradi ya Nachu na Chilalo, na jirani zao wa Nachingwea nao wanafuatilia. Shida inaanza tunapofika sisi wa sayansi ya mtandaoni. Tunasema: kinywe kinatoa grafini; grafini inapitisha umeme vizuri ajabu, na inapitisha asilimia 97.7 ya mwanga. Basi tuifanye wino, tuichape kwenye kioo cha dirisha, tupate antena isiyoonekana!

Kila kipande hapo ni kweli. Kosa liko kwenye kuviunganisha.

Asilimia 97.7 ni ya tabaka moja la atomu. Weka matabaka 30, nusu ya mwanga imepotea. Weka 100, inabaki kama asilimia 10 tu. Sasa wino una matabaka mangapi? Mwaka 2015 watafiti wa Manchester, Uingereza, walichapa antena kwa wino wa grafini, wakaukandamiza hadi unene wa mikromita 6. Tabaka moja ni nanomita 0.335. Piga hesabu mwenyewe: ni maelfu. Antena ile ilifanya kazi, na ni kazi nzuri, ila huwezi kuona upande wa pili. Tena shaba inapitisha umeme zaidi ya mara 1,000 kuliko wino ule, kwa sababu wino ni vipande vidogo vilivyolaliana, na umeme lazima uvuke kutoka kipande hadi kipande.

Antena nyingi zinazopitisha mwanga hufuata njia nyingine. Fikiria chandarua: nyuzi nyembamba sana za shaba au fedha, na matundu katikati. Mwanga unapita kwenye matundu. Wimbi la redio la megahezi 900, lenye urefu wa sentimita 33 hivi, halioni matundu hayo. Kwake wavu wote ni bamba moja.

Je, kinywe hakina faida? Kinayo. Kinahitajika kwenye betri za lithiamu, na antena nyeusi kwenye lebo ya boksi haimsumbui mtu. Hayo tuyaseme wazi. Tukiahidi dirisha, kijana wa Ruangwa akaja kuona wino mweusi tii, atadhani sayansi imemdanganya, kumbe ni sisi.

Ukikutana tena na ile asilimia 97.7, uliza swali moja tu: matabaka mangapi?