Udi Mbele ya Afisa: Fani ya Harufu katika By the Sea

Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, By the Sea (2001), ina wasomaji wake halisi Dzaleka. Kambi hiyo ya wakimbizi ya wilaya ya Dowa, kaskazini mwa Lilongwe nchini Malawi, ilifunguliwa mwaka 1994 palipokuwa gereza la enzi ya Rais Kamuzu Banda. Humo Wakongo, Warundi na Wanyarwanda huelewana kwa Kiswahili, na wengi wamewahi kuketi mbele ya afisa wakaulizwa jina, tarehe na njia waliyopita. Gurnah anaufungua msuko wake kwa tukio kama hilo.

Saleh Omar, mzee wa Zanzibar anayesafiri kwa jina la mtu mwingine, anatua Gatwick, Uingereza, na kijisanduku cha mkangazi chenye udi al-qamari. Afisa wa uhamiaji Kevin Edelman anakifungua, ananusa, anahoji, kisha anajitwalia. Kinaya ni kikali, kwani wazazi wa Edelman nao walikuwa wakimbizi, kutoka Romania. Ila ufundi mkubwa zaidi umo katika mpangilio. Harufu inatangulia, na historia yake inafuata nyuma. Kutoka meza ya ukaguzi msimulizi, ambaye ni Omar mwenyewe, anaturudisha kwa Hussein, Mwajemi mfanyabiashara wa Bahrain aliyempatia udi ule. Deni, nyumba iliyopotea na kifungo vinajitokeza taratibu, kurasa nyingi baadaye.

Mbinu rejeshi hiyo inafuata njia ya pua yenyewe. Wanasayansi Linda Buck na Richard Axel walitangaza mwaka 1991 jeni za vipokezi vya harufu, wakatunukiwa Nobeli mwaka 2004. Taarifa za macho na masikio hupitia talamasi, kituo kilicho katikati ya ubongo, kabla ya kufika gamba lake. Za pua hazilazimiki kupitia huko, nazo hufika mapema kwenye sehemu za hisia na kumbukumbu. Ndiyo sababu harufu humgusa mtu kabla hajaitambua. Mwanafalsafa Kant, mwaka 1798, aliiona hisi ya kunusa kuwa hisi duni ambayo mtu angeweza kuishi bila kuihitaji sana. Gurnah anaipandisha kizimbani iwe shahidi.

Tazama sauti zinavyogawanywa. Edelman anahutubia, Omar anajifanya hajui Kiingereza, asiseme ila kwamba ni mkimbizi anayeomba hifadhi. Hojaji inataka maisha yapangwe kwa mstari mmoja, naye msimulizi anatupa sisi wasomaji kile anachomnyima afisa. Udi wenyewe nao unabeba ishara: hutokana na mti ulioshambuliwa na kuvu. Mti mzima hauna utomvu huo. Mwandishi mwingine angeihubiri ishara hiyo ukurasa mzima. Gurnah anamwachia Omar amtanie Mungu kidogo, kisha anaendelea na hadithi. Hapo ndipo anapoonyesha umahiri.

Kasoro ninayoiona ni ya bei. Harufu inayobeba kumbukumbu hapa ni bidhaa ya anasa. Anayetoka Lilongwe kwenda Dzaleka hunusa tumbaku kwenye minada ya Kanengo, na sokoni kambini hunusa usipa, dagaa wakavu wa Ziwa Malawi. Kumbukumbu ya Mkongo wa kambini haimo katika udi. Imo katika sombe, majani ya muhogo yaliyoungwa kwa mawese. Hata hivyo, Omar alikuwa na duka kabla ya kuwa mkimbizi. Aliyelazimika kufunga lake Lilongwe mwaka 2023, serikali ilipoamuru wakimbizi warudi kambini, hahitaji kuelezwa uchungu wake.

Kwa fani, sura ya kwanza ya riwaya hii ni somo tosha kwa yeyote anayeandika ukimbizi. Waandishi wa Dzaleka, ambao tangu 2014 wana jukwaa la Tamasha la Tumaini, waichukue mbinu hiyo na kuiacha bidhaa yake. Waanze na sombe. Tarehe ya kukimbia inaweza kusubiri sura ya tatu.