Kuhesabu Kutoka Mwisho

Jamaa yangu mmoja, mkazi wa Johannesburg, hupanga safari ya kuvua Lotheni kwa kuanza na swali moja: radi itapiga saa ngapi?

Lotheni iko kwenye hifadhi ya milima ya Drakensberg, zaidi ya kilomita 450 kutoka jijini. Majira ya joto, mawingu hutanda huko mchana, na alasiri mto uliokuwa wa kuvuka kwa miguu huweza kufurika ghafla. Basi yeye huishika saa hiyo ya radi na kurudi nayo nyuma. Saa saba mchana awe amefika pa kulala. Kwa hiyo alfajiri awe njiani. Kwa hiyo Ijumaa jioni awe ameingia kambini kabla lango halijafungwa. Kwa hiyo atoke Johannesburg mapema, maana Ijumaa ya mwisho wa mwezi barabara ya N3 hufurika magari, na pale kwenye mteremko wa Van Reenen wenye njia ni malori ya bandari ya Durban. Yote hayo huenea kwenye karatasi moja, imeandikwa kwa penseli. Sijaona ratiba iliyosukwa vizuri kuliko hiyo.

Mwezi nao huchaguliwa kwa makini. Trauti wa mitoni huko huvuliwa kuanzia Septemba hadi mwisho wa Mei. Yeye hupenda Aprili, mvua zikiwa zimepungua na maji yametakata. Samaki hao ni wageni: mayai yao yaliletwa kutoka Scotland mwaka 1890, kama vile mlowezi Ewart Grogan alivyokuja kuwapandikiza kwenye mto Gura, Kenya, mwaka 1905. Ni samaki wa kikoloni, sikatai, ila kwenye kikaango ukoloni hauonjeki.

Ninachokistahi zaidi ni mkoba. Hifadhi hairuhusu moto wa kuni, kwa hiyo hubebwa jiko dogo la gesi, na gesi ndiyo inayoamua mlo: tambi ndiyo, maharage makavu hapana. Kila kitu hupita kwenye mizani ya jikoni. Samaki hahesabiwi kabisa kama chakula. Asiyepata kitu mtoni lazima bado ale ashibe. Chambo ni kikasha kimoja tu cha wadudu bandia, akiwemo mmoja aitwaye DDD, ambaye kwa asili hufungwa kwa nywele za mbuzi mawe. Nywele hizo zina uwazi ndani, hivyo huelea. Mtu aliyechunguza mnyama wa majabali akaona humo kifaa cha mtoni alikuwa fundi kweli.

Pango la kulala hulipiwa mapema, na yale yenye michoro ya Wasan hayalaliwi. Hema huenda hata hivyo, kwa sababu mvua haisomi stakabadhi. Nakala ya ile karatasi hubaki kwa mkewe, imeandikwa saa ya kupiga simu ya uokoaji iwapo hajarudi.

Nawe ukienda, jaza daftari la wapanda mlima kabla hujaondoka: majina, njia, vifaa, siku ya kurudi. Ukishuka, pita tena usaini kwamba umerudi. Usiposaini, kuna watu watapanda usiku kukutafuta.